Kurasa Zilizoshikana

Nakusanya matoleo ya zamani ya jarida moja la fasihi la Kifaransa, na Kifaransa sikijui. Cheka tu, wenzangu wa hapa DeSoto, Texas, wamecheka sana. Toleo la kwanza nililipata Dallas, kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja, nikaipenda karatasi yake.

Zamani majarida hayo yaliuzwa kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni, msomaji akazikata mwenyewe kwa kisu. Sisi wakusanyaji tunayataka yasiyokatwa. Lakini nilikuwa na rafiki Houston, mtaa wa Sharpstown, Mkongo aliyewahi kufundisha Kifaransa kwao. Kila niliposhuka huko nilimpelekea toleo moja, nikamwambia akate, asome, anisimulie. Iliniuma, ila nilitaka kujua yaliyomo.

Alinisimulia kwa miaka minne, kwa simu, Jumapili baada ya kanisa. Akinirudishia toleo, nalitia kwenye mfuko wa plastiki bila kulifungua. Sikuwa na moyo wa kuona palipopita kisu.

Mke wangu alipofariki, rafiki huyo alinisimulia hadithi ya mgane anayechemsha kahawa ya watu wawili kila asubuhi. Anakunywa yake, kisha anakunywa na ya mkewe, isije ikapoa. Hadithi ile ndiyo iliyonishikilia. Siku ya arobaini nilisimama mbele ya watu nikaisimulia, nikawaambia imetoka kwenye jarida langu. Shemeji yangu alilia.

Mwaka huu nilitaka kuiona kwa macho, hata kama siwezi kuisoma. Nikalitoa toleo lile. Kurasa zimeshikana. Nikatoa la pili, la tatu, yote aliyowahi kuchukua. Hakuna hata moja lililokatwa. Angekuwa karibu, ningemzaba kibao.

Nikampigia. "Hukusoma hata moja?"

"Ndugu yangu, mi nilikuwa na temps ya kusoma? Niko na kazi mbili. Ulipenda hadithi, nikakupa hadithi."

"Na ile ya kahawa?"

"Ile nilitunga tu siku ile, sababu ulikuwa unalia sana."

Nikamkatia simu, na hatujazungumza tena. Zile nyingine ningemsamehe, zilikuwa porojo za Jumapili. Hii siwezi. Alinidanganya siku niliyokuwa nimeishiwa nguvu, akaniacha nikasimame na uongo wake kwenye arobaini ya mke wangu. Na kinachonikasirisha zaidi ni kwamba uongo huo bado unanifariji.