Tulivyotafuta Ukumbi wa Arusi Yangu ya Pili

Nilipokubali kuolewa mara ya pili nilikuwa tayari bibi mjane mwenye wajukuu, na magoti yangu yalianza kulalamika kabla sijafika kwenye ngazi. Mchumba wangu naye alikuwa amefiwa na mke wake zamani. Alikuwa fundi wa redio kule Nyawera, mtaa wa hapa kwetu Bukavu, mzaliwa wa Kamanyola, kule bondeni. Tulijuana katika kwaya ya parokia. Aliimba besi, na aliimba vibaya, lakini kwa uhakika mkubwa hivi kwamba ilinibidi nigeuke nimwangalie.

Sisi wawili tulitaka misa ya asubuhi, kisha samaki na fufu nyumbani, basi. Binti yangu mkubwa akakataa. Yeye anafanya kazi katika shirika la misaada, na mtu wa kazi ile hawezi kuona jambo bila kuliundia komite. Akaunda komite. Komite ikachagua rangi ya vitenge na ikahesabu wageni mia tatu, wengine watu ambao sikuwa nimesalimiana nao tangu nilipoacha kufundisha.

"Maman, arusi yako ya kwanza mulikula maharagi mu parcelle ya nyumbani," aliniambia. "Hii tutaifanya muzuri. Batu bakuone."

Ukumbi wa kwanza ulikuwa Nyawera, mkubwa kama kanisa. Binti yangu alikuwa bado kazini, kwa hiyo tulitangulia, mimi na mchumba wangu. Meneja alikuwa kijana mwenye tai nyekundu. Alitupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni Papa, karibuni Maman. Ninyi muko bazazi ya bibi-arusi?"

Nilifungua kinywa nimsahihishe, lakini mchumba wangu alinifinya mkono.

"Ndiyo," akasema, na uso wake ukawa wa huzuni. "Njo mutoto wetu wa mwisho. Alikawia sana kuolewa."

"Tulishakata tamaa," nikaongeza. Shetani gani aliniingia sijui.

"Msiogope, Maman. Mungu ana saa yake," alisema kijana, na nikaona ametuhurumia kweli. Akatuonyesha viti viwili vya arusi vilivyopakwa rangi ya dhahabu, na upinde wa maua ya plastiki. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na bwana-arusi, munamujua muzuri?"

"Ni kijana muzuri sana," alisema mchumba wangu. "Hakuna kama yeye mu Bukavu yote."

"Ila anaimba mubaya," nikasema.

Hapo ndipo binti yangu alipoingia, ameshuka kwenye pikipiki, anahema, mkoba begani. Yule kijana alimkimbilia. "Félicitations, bibi-arusi! Usikuwe na haya. Hata kama ulikawia, umefika!"

Binti yangu ana mume na watoto watatu. Alimtazama kijana, kisha akatutafuta kwa macho. Sisi tulikuwa nyuma ya nguzo, tumeshikana, tunacheka kama wanafunzi waliofukuzwa darasani.

"Bibi-arusi ni ule pale," alisema, akininyooshea kidole. Hakunisemesha tena hadi jioni.

Baada ya hapo wageni wakaanza kupungua. Barabara ya bondeni ilifungwa, na ndugu wote wa mchumba wangu wakabaki Kamanyola. Dada yake alipiga simu akalia, akabariki, akalia tena, kisha akauliza kama tutamwekea nyama. Jamaa zangu wengi walikuwa wamekwisha kuhama mji, mmoja yuko Bujumbura, mwingine Kinshasa, wakituma salamu za sauti ndefu kuliko mahubiri. Na ndugu za marehemu mume wangu walituma neno: hawawezi kuja kupiga makofi wakati mke wao anachukuliwa.

Hilo liliniuma. Nilikuwa nimewapikia miaka mingi. Siku ile nilikaa jikoni nikachambua maharagi ambayo yalikuwa safi tayari, na mchumba wangu alipokuja aliketi karibu yangu, akachambua naye.

Komite ikateremka hadi ukumbi wa pili, mdogo kidogo, wenye baraza inayotazama ziwa. Lakini tulipofika kuuona, hata huo ulikuwa unatuzidi. Binti yangu alizunguka katikati ya viti vitupu, anafikiri.

"Tutajaza nafasi na batu ya kwaya," alisema. "Kila mutu alete na jirani yake."

"Na wakikaa kwenye viti ya ndugu zangu," mchumba wangu akauliza, "nitabaita shangazi ao namna gani? Kuna mumoja pale kwa baimbaji ya ténor mwenye ndevu."

Mimi nilicheka. Binti yangu hakucheka. Ndipo nikasema kwamba ninajua mahali.

Ilikuwa nyumba ya masista, juu kule Kadutu, unafika kwa kijia cha mwinuko kinachokutoa jasho la toba. Walikuwa na chumba cha kulia chakula chenye meza moja ndefu. Sista mkubwa, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alitusomea masharti tukiwa bado tumesimama: hakuna pombe, hakuna muziki wa kucheza, na kabla ya giza kila mtu awe nje ya lango.

Nilikaa kwenye benchi nikatazama. Mtu wa mwishoni mwa meza angeweza kuniomba chumvi na ningemsikia. Nikasema, "Ni hapa."

Binti yangu alitoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, analia kwa hasira.

"Mi nilitaka batu bakuone, Maman. Wakati papa alikufa, batu balijaa kukuona unalia. Sasa unafurahi, na hakuna mutu."

Sikuwa nimejua kwamba ndicho alichokuwa akikibeba siku zote zile, chini ya komite na vitenge. Nilimfuta machozi kwa ncha ya kitenge changu kama alipokuwa mdogo.

"Wewe utaniona," nikamwambia. "Na kwa kunitazama mimi na huyu muzee, macho yako inatosha. Sisi si mlima."

Akacheka bila kutaka, kamasi zikamtoka, na ukumbi ukawa umepatikana.

Siku ya arusi tulikaa meza moja, hakuna kiti kilichobaki. Nilishangaa kuona mchumba wangu, sasa mume wangu, ameleta thermos nyingi, na anashughulika mwenyewe kumimina chai. Nilionja. Ilikuwa kasiksi, pombe ya ndizi, baridi na kali, ya watu wanaojua kazi yao.

"Papa, umefanya nini?" nilimnong'oneza.

"Kunywa chai yako, Mwalimu."

Padri aliyetufungisha ndoa alimaliza kikombe, akakitazama, akakinyoosha tena. "Chai hii inatoka wapi?"

"Kabare, Padri," alijibu mume wangu. "Kule majani inaota muzuri."

Kicheko kilikuwa kinapanda meza nzima wakati sista mkubwa alipoingia. Alichukua kikombe kutoka mkononi mwa binti yangu, akanusa, akanywa kidogo. Akakaa na ile ladha kinywani kwa muda. Binti yangu aliuma mdomo.

"Imepoa," alisema sista. "Lakini muwapelekee na masista wa jikoni. Wamesimama tangu asubuhi."

Masista wa jikoni hawakuchelewa kutokea. Mmoja alianza wimbo wa Kishi, lugha ya huku kwetu, wa kumpokea bibi-arusi, na kwa kuwa muziki ulikatazwa tulipiga makofi tu na meza. Binti yangu aliinuka wa kwanza. Alivua viatu, akanivuta mkono, na magoti yangu, wanafiki wakubwa, hayakulalamika hata kidogo. Mume wangu aliitikia wimbo kwa besi yake. Hakujua neno hata moja la Kishi, akaimba yote.

Tulipotoka langoni taa za mji zilikuwa zimewaka kule chini, na hakuna aliyekuwa ametufukuza.