Siku Nilipomwacha Chura Kwenye Kopo

Nianze kwa kukiri, kwa sababu Maganga amekwisha kuisimulia aibu hii kila kilabu cha pombe kuanzia Tura mpaka Tabora mjini, na kila akiisimulia anaongeza chumvi yake, basi afadhali muisikie kwangu mimi niliyelowa: ni kweli, nilimnasa mama mkwe wangu kwa ndoana, mchana kweupe, mbele ya wanakwaya wa kanisa na mbele ya treni nzima ya abiria. Hilo silikatai. Ninalokataa ni pale Maganga anaposema yeye ndiye aliyeniokoa. Maganga hakuokoa mtu. Maganga ndiye chanzo, na jina lake nalitaja wazi, Maganga mtoto wa baba yangu mdogo, mkazi wa Goweko, ana pengo la jino la mbele, mtamtambua.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka vitani Burma na mguu mmoja usiokunja vizuri. Nyumbani nikakuta mke niliyemwacha amehamia kwa mchuuzi wa chumvi, Ramadhani wa Igunga (naye namtaja, yu hai, akitaka aje tuongee), na ng'ombe wangu wawili wamekufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyejua kuniambia ni ugonjwa gani. Waliobaki nyumbani walinenepa. Sisi tuliokwenda tulipewa koti na asante. Mimi nilikuwa na koti, asante, na kopo moja la bati.

Kopo hilo lilikuwa la Kapteni wetu. Kabla ya kupelekwa Burma tulikaa kwanza kisiwani Seiloni, na huko kuna mabwawa ya kale yamefunikwa na mayungiyungi hata huoni maji, na Kapteni kila Jumapili alikuwa akinichukua nimpigie kasia. Nimeona watu wengi wenye ujuzi katika maisha yangu, lakini mtu wa kuvua kwenye majani kama yule sijamwona, isipokuwa mmoja, na huyo nitamfikia. Kapteni hakutumia mnyoo. Ndani ya kopo alikuwa na vyambo vya uongo: kijiko cha shaba kinachozungukazunguka, samaki wa mbao aliyepakwa rangi, na chura wa mpira ambaye ndoana zake zimelala mgongoni zikitazama juu. Aliniambia, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwamba kijiko ni cha maji meupe yasiyo na majani, kina ndoana tatu zinazoning'inia na kitakamata kila shina la jani, lakini chura anapita juu ya majani kama mwenye nyumba. Unamtupa juu ya jani, unamwacha, viwimbi vinakufa, ndipo unamvuta kidogo aingie majini. Na samaki akimpiga usivute hapo hapo, mpe nafasi amfunge kinywani. Nililijua hilo kama ninavyojua Baba Yetu. Kapteni hakurudi. Kopo na fimbo yake ya kuvulia yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua ni vitu gani.

Sasa, pale Goweko kuna bwawa ambalo treni inanywa maji yake, na ndani yake Mzungu mmoja wa serikali alikuwa amemwaga samaki wa kigeni aliowaleta kwa mapipa, wana kinywa kipana kuliko kichwa, sisi tukawaita madomo. Walikaa chini ya mayungiyungi wakanenepa kama wale ndugu zangu waliobaki nyumbani. Nyavu zilichanika, migono ikarudi mitupu. Watu waliwasikia tu wakipiga maji asubuhi, chubwi, wakameza mate.

Mimi nilikuwa naposa kwa Mzee Mihambo, binti yake Nyamizi. Mzee alishanikubali. Lililobaki lilikuwa neno la mjomba wake Nyamizi, kaka wa mama yake, aliyekuwa anakuja kwa treni ya Jumamosi kutoka Uvinza, na bila neno la mjomba hakuna ndoa. Mzee Mihambo akaniita Ijumaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Shemeji yangu anaingia kesho, na yule ni mtu wa mto Malagarasi, ukimwekea nyama anauliza samaki wako wapi. Kuku ninao. Samaki sina."

Hapo ningenyamaza tu. Lakini mtu aliyekimbiwa na mke ana njaa ya kusifiwa. Nikasema, "Mzee, samaki niachie mimi. Mjomba atakula domo."

Mzee akanitazama, akasema, "Basi na mjini wasikie," kwa namna ambayo hata leo sijui kama ilikuwa sifa au onyo.

Asubuhi nikafika bwawani, nikakuta Maganga amekwisha kuwaambia watu wote. Wanakwaya wameahirisha mazoezi ya kanisani wakaja kuimbia ukingoni, wafua nguo wameacha nguo. Nikafungua kopo, nikamtoa chura.

Maganga akacheka mpaka pengo likaonekana. "Ndugu yangu, umekwenda kupigana na Mjapani ukarudi na chura? Chura hata hapa tunao."

"Kwenye majani ni chura," nikamwambia.

"Na hicho kinachong'aa?"

"Hicho ni cha maji meupe."

"Watu wametoka majumbani waje kukuona ukitupa chura. Funga hicho cha shaba bwana, wakione kinavyowaka kwenye jua. Au unaogopa?"

Hilo ndilo kosa, halikuwa lingine, mengine yote yalikuwa watoto wake. Nikamrudisha chura kwenye kopo, nikafunga kijiko, kwa sababu kilikuwa kinang'aa na wasichana wa kwaya walikuwa wanatazama.

Mtupo wa kwanza kikanasa yungiyungi, nikavuta, nikatoa jani kubwa kama sinia. Watu wakapiga makofi. Wa pili nikatoa jani na mzizi wake. Maganga akasema, "Mboga tumepata, bado samaki." Wa tatu kikanasa chini kabisa kwenye mashina, nikaona haya, nikaona hasira, nikaishika fimbo kwa mikono miwili nikanyanyua kwa nguvu zangu zote za jeshi. Kijiko kikachomoka ghafla, kikapita juu ya kichwa changu kikilia kama nyuki, kikaenda nyuma, kikanasa kitu. Mimi (Mungu anisamehe) nikadhani ni kichaka. Sikugeuka. Nikaanza kukunja mshipi. Kile kitu kikavuta, nami nikavuta. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti, nikasikia mtungi ukipasuka.

Nikageuza shingo. Alikuwa Mama Nyamizi.

Ninyi wa huku mnajua, wengine nawaeleza: kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini na kugeuza uso, na mposaji asiyeijua heshima hiyo harudi tena kwenye ule mji. Mama wa watu alikuwa ametoka kuteka maji, akaniona, akazunguka mbali nyuma yangu, uso ameuelekeza vichakani, na mtungi kichwani, amefanya kila kitu kama inavyotakiwa, na kijiko changu kikamfuata huko huko kikaingia kwenye kanga aliyojitanda. Ndoana zote tatu.

Nikageuza uso haraka. Lakini niende wapi? Kulia kuna watu, kushoto kuna njia ya wanawake, nyuma yupo yeye. Nikaenda mbele. Mbele kulikuwa na bwawa. Nikaingia na viatu vya jeshi na fimbo mkononi, mshipi ukifunguka nyuma yangu, mpaka maji yakafika shingoni, na hapo matope yakaukamata ule mguu mbovu na mashina yakauzungushia kamba, basi, nikasimama kama nguzo ya simu. Kutoka siwezi mpaka mama aondoke. Mama hawezi kuondoka mpaka nimwachie. Wanawake walijaribu kuzitoa ndoana, lakini zina meno ya kurudi, kila wakizigusa zinazidi kuingia, na kuichana kanga mwenyewe akakataa, maana alipewa na kaka yake. Yule yule mjomba.

Na hapo ndipo treni ikafika. Ikasimama kwenye tangi kunywa maji, kama kila siku, na kila dirisha likatoa vichwa vitatu. Sikuhitaji kuuliza mjomba yuko dirisha gani. Nilisikia sauti nene ikisema, "Yule si dada yangu aliyefungwa kamba?"

Maganga wakati huo amelala chini anacheka, anashika tumbo. Muulizeni.

Kisha nikasikia nyuma yangu sauti ya mama mkwe kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Hakunisemesha mimi. Alisema na kipande cha mtungi wake uliovunjika. "Wewe kigae, muulize mtu aliyemo majini kama ana kisu."

Nami nikalijibu yungiyungi lililokuwa mbele ya pua yangu: "Wewe ua, mwambie mama kisu kimo kwenye kopo la bati, hapo ukingoni."

Nikasikia kopo linafunguliwa. Vyambo vikagongana ndani ya bati. Halafu: "Kigae, muulize vizuri. Alikuwa na chura, akachukua kijiko?"

Nikalitazama yungiyungi kama ndilo lililoulizwa.

"Kwenye majani haya?" akasema.

Nilikuja kujua baadaye kwamba baba zake walikuwa wavushaji wa misafara pale Malagarasi, watu waliowavusha babu zetu na mizigo yao ya pembe, na yeye amekua ndani ya mtumbwi, akivua kwenye mafunjo kwa chura wa kweli aliyefungwa paja kwa uzi. Siku ile sikujua. Nilisikia tu kisu kikikata mshipi, kisha nikausikia ukicheza, anafunga fundo, na fundo lile nililiona baadaye, Kapteni mwenyewe angelivulia kofia.

"Kigae, mwambie asitikisike. Maji yasahau kwanza kwamba yumo."

Nikakaa. Ruba mmoja akaja shingoni, nikamwachia ale. Halafu kitu kikapita juu ya kichwa changu bila sauti, chura, amemtupa kwa mkono, akatua juu ya jani pana hatua kumi mbele yangu. Hata viwimbi havikutokea. Nimesema nilimwona mtu mmoja tu aliyefanana na Kapteni; namwongezea haki yake, alimzidi, kwa kuwa Kapteni alikuwa na fimbo ya Ulaya na yeye alikuwa na mkono mmoja, wa pili umeshika kanga.

"Mwambie avute. Kidogo. Kama chura mgonjwa."

Nikavuta kidogo. Chura akateleza ukingoni mwa jani, akadumbukia. Maji yakapasuka kama mtu ametupa jiwe.

"Asivute," akasema mama. "Asivute bado." Nikaanza Baba Yetu kimoyomoyo, nikafika "uliye mbinguni", akasema, "Sasa."

Domo lilizama kwenye mashina likajifunga. Mimi nikataka kulivuta kwa nguvu, akasema, "Kigae, mwambie asishindane na majani. Akaze tu. Samaki atachoka, majani hayachoki." Nikakaza. Likachoka. Likaja juu likielea ubavu, kubwa kama mtoto wa mbuzi, sisemi uongo, treni nzima ilishuhudia.

Kisha yeye mwenyewe akaingia majini, ameitandaza ile kanga kati yangu na yeye kama pazia, kijiko bado kinaning'inia kwenye pindo kikiwaka juani, akapita upande wa pili wa pazia, akaizungusha ncha chini ya samaki, akamwinua, akatoka. Uso wake sikuuona. Wangu hakuuona. Dereva wa treni akapiga king'ora. Alipokwisha kupotea vichakani ndipo Maganga akaja kuninyooshea ufito, na huko ndiko anakokuita kuokoa.

Jioni mjomba alikula lile domo mpaka mifupa. Mimi nimekaa mkekani na nguo za kuazima, namngoja aseme niende zangu. Alipomaliza akanawa, akasema, "Utaleta mbuzi mmoja, wa mtungi na wa aibu ya dada yangu."

"Ndiyo, mjomba."

"Nilikuwa dirishani. Nilitazama kama utageuka. Mtu yeyote angegeuka." Akajifuta mikono. "Mtu anayekaa na ruba shingoni ili asimtazame mama, hatamtukana binti yake. Mchukue. Lakini kuvua hujui, hilo mwachie dada yangu."

Basi nikamwoa Nyamizi, na kopo likabaki kwa mama yake. Halikurudi, nami sikulidai. Mara nyingi jioni nilikuwa nasimama mbali, nyuma ya matete, namtazama mgongo tu akimtembeza yule chura juu ya majani, na moyo wangu, ambao haumsifu mtu kirahisi, ulikuwa unasifu.

Mwaka jana Nyamizi alirudi kutoka kwa mama yake na ujumbe: "Mama anasema mwambie mumeo chura amechoka mguu." Mpira ulikuwa umeoza. Nikakata kipande cha tairi la lori, nikachonga kwa siku mbili, nikalaza ndoana mgongoni zikitazama juu, nikaenda kumweka kwenye njia ya bwawa, juu ya kigae, nikaondoka bila kutazama nyuma. Kesho yake, juu ya kigae kile kile, palikuwa na domo limefungwa kwenye jani la yungiyungi.

Kijiko hakikuwemo kwenye kopo. Kiko kwangu, mama alikirudisha siku ya harusi, kimefungwa kwenye kipande cha kanga alichokubali hatimaye kukikata. Nimekipigilia msumari juu ya mlango, ndani, mahali ninapokiona kila ninapotoka. Sikifungi tena kwenye mshipi, hata maji yawe meupe kama maziwa, na Maganga akija kwangu namkalisha chini yake.