Mama Alipoligombeza Gari

Nakumbuka siku moja, mwanangu Rozi, mama yangu mzazi aliligombeza gari. Hakumgombeza dereva wala utingo. Aliligombeza gari lenyewe, bati na magurudumu yake, katikati ya uwanja wetu hapa Izia, mpaka majirani wakaacha majembe shambani wakaja kusikiliza. Nawe ulikuwepo. Ulikuwa mgongoni kwangu, hata jino hujaota, na safari yote ile ilikuwa kwa ajili yako.

Nimeikumbuka kwa sababu ya zile picha mbili ulizonitumia kwenye simu. Nimevaa miwani nikazitazama vizuri. Ya kwanza ni ngazi za pembeni za gari, zile ambazo mafundi wanaziita saidi stepu, zimefungwa moja kwa moja, hazitoki hapo mpaka gari liuzwe chuma chakavu. Ya pili ni za umeme: ukifungua mlango zinatoka zenyewe, ukifunga zinarudi uvunguni. Unasema mumeo amenunua shangingi refu, anataka kulifunga ngazi kabla hamjaja kunichukua kwenda kwenu mpakani Kasesya kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu wangu, na kwamba ameshindwa kuchagua. "Mama, wewe unasemaje?" Mimi nasema mengi, wala sibahatishi. Kaa usikilize, na kama umebandika maharage, punguza moto kwanza.

Wakati ule baba yako, Bwana ampe pumziko la milele, alikuwa na Landrova kuukuu ya kubebea mahindi na abiria kati ya hapa mjini na bondeni. Ilikuja na ngazi za chuma za kudumu, zinaning'inia chini kweli kweli. Kila akishuka kwenda Ilemba, kule bondeni nilikozaliwa, mawe ya kule mteremkoni yanazigonga, zinarudi zimepinda kama ndizi. Siku moja ngazi moja ilinyofoka ikabaki huko huko, na ya pili akaing'oa mwenyewe. Baba yako alikuwa mtu wa kupenda ubunifu, unamjua. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea, wakatengeneza ngazi ya kukunja, kwa bawaba za geti na springi. Ukiivuta inashuka, ukiipiga teke inapanda na kujibana kwenye bati. Alikuwa akiwaonyesha hata wapita njia wasiokuwa na shida ya gari. Nami niliisifu, maana ilikuwa nzuri kutazama.

Basi ukazaliwa wewe. Bibi yako wa Ilemba, yaani mama yangu, alikuwa hajawahi kufika kwangu tangu niolewe, na kwa watu wa zama zake hilo halikuwa la ajabu. Mama mkwe hajiendei tu. Anangoja mjukuu wa kwanza, ndipo anakuja na mchele wake na kuku wake, anashuka, anakanyaga uwanja, anapigiwa makofi ya salamu, kisha anaingia ndani kumpakata mtoto. Akigeuza safari kabla hajakanyaga uwanja, ni neno baya. Watu watasema nyumba ile imekataliwa na mama wa bibi harusi, na maneno ya namna hiyo hayafutiki.

Tena kulikuwa na jambo jingine, na hili ulishike maana ndilo lililoleta kazi. Mtu na mama mkwe wake hawakushikana hata ncha ya kidole. Hawakula pamoja, hawakusemezana ana kwa ana. Si chuki, ni heshima iliyojaa mpaka ikamwagika. Siku hizi naona mnapiga nao picha mmekumbatiana, haya, dunia yenu. Baba yako alipokwenda kumchukua mama, mama alikaa nyuma na vikapu vyake, na kati yake na dereva akatundika kitenge. Wamepanda milima yote ile kutoka bondeni, na kitenge kikipepea katikati yao.

Kule Ilemba kulikuwa kukavu. Ngazi ilivutwa ikashuka, kaka zangu wakamshika mama mikono, akapanda. Nyonga yake moja ilikuwa imeharibika tangu alipoanguka kwenye majaruba ya mpunga, akawa hawezi kuruka wala kujivuta. Lakini wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Njiani mvua ikawanyeshea, ile ya kwetu isiyouliza mtu.

Walipoingia uwanjani tulikuwa tumejipanga, shangazi zako mbele, majirani nyuma, na mimi na wewe mgongoni. Baba yako akaruka chini, akakimbilia upande wa mama, akainama kuvuta ngazi. Haikuja. Akavuta tena kwa mikono miwili. Akaipiga teke. Wapi! Matope yalikuwa yameshiba kwenye bawaba, na kokoto imejichomeka ndani, springi imepinda. Mama hakujua. Alifungua mlango, akatoa mguu wake mzima, ule mguu ukatafuta pa kukanyaga, ukapapasa, ukakuta hewa. Akaurudisha ndani.

Vijana wawili wa jirani wakasogea wambebe. "Mnibebe kama gunia la mahindi, mkwe wangu akitazama?" mama akasema. "Thubutuni!" Wakarudi nyuma. Kigoda kikaletwa, mguu mmoja ukazama matopeni kikalala ubavu. Shangazi yako mmoja, mwenye haraka zake, akaja na kinu amekigeuza kichwa chini. Weee! Mama alimtazama yule mwanamke mpaka akakigeuza mwenyewe akarudi nacho jikoni. Kinu kinatwanga chakula cha watoto, nani alikuambia kinakanyagwa?

Nikapiga goti pale pale kwenye tope, nikamwambia, "Mama, kanyaga paja langu ushuke."

"Inuka," akasema. "Sikukuzaa uje kuwa ngazi."

Kisha akavuta mlango nusu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nirudisheni Ilemba." Mwanangu, machozi yalinitoka, sikufichi. Mama yangu alikuwa amebakiza hatua moja tu afike kwangu, na hatua yenyewe haikuwepo. Niliona ndoa yangu inapanda gari na kurudi bondeni.

Nadhani aliyaona yale machozi, maana aliufungua mlango tena. Lakini alikuwa na hasira, na mwenye kustahili hasira ile ni mkwe, na mkwe hasemezwi. Basi akalipiga gari kofi ubavuni.

"Wewe gari! Nakuuliza wewe, simuulizi mtu. Kule Ilemba ulinitolea ngazi vizuri, nikakusifu mbele ya wanangu. Nimefika hapa kwa wenyewe, unaificha? Mgeni anafika, wewe unakunja pa kukanyagia? Adabu hiyo umefundishwa na nani?"

Baba yako alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, macho chini, anasikia kila neno. Akanigeukia mimi. "Mama Rozi, mwambie mama kwamba gari limesikia. Linasema lilikuwa linaogopa mawe ya njiani."

"Mawe!" mama akaliambia gari. "Mawe yako njiani. Hapa uwanjani jiwe liko wapi? Umeogopa mawe, ukasahau watu!"

Majirani walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Baba yako hakucheka. Alichukua nyundo na bisibisi kubwa, na pamoja na shati lake jeupe alilolivaa kwa ajili ya siku hiyo, akajilaza chali kwenye tope akaingia uvunguni mwa Landrova. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku ile yeye alilala kabisa. Tukasikia nyundo, nyundo, kisha ngazi ikadondoka chini ikaning'inia, springi imekufa. Hata mimi niliona haiwezi kubeba paka. Halafu ikainuka yenyewe. Ikakaa sawasawa, ikatulia.

Nikainama nikachungulia. Baba yako alikuwa ameibeba ile ngazi kwa viganja viwili na magoti, matope mpaka masikioni. Alinitikisia kichwa: nyamaza.

Nikasimama nikasema, "Kanyaga, mama. Imetengemaa."

Mama akashusha mguu. Akaujaribu uzito kidogo, chuma kikayumba, kikarudi mahali pake. Akatua kwa uzito wake wote, akateremka mguu wa pili, akakanyaga uwanja wangu. Makofi yale, mwanangu, na vigelegele! Nilikufungua mgongoni nikakuweka mikononi mwake pale pale, hata ndani hatujaingia. Ila alipotua, chini ya gari kulitoka mguno, na chuma, mama alijua vizuri, hakiguni mtu akikikanyaga. Akaweka kiganja juu ya boneti, akasema, "Gari, ahsante. Ila siku nyingine usimlaze mwanangu kwenye matope."

Mwanangu! Hakuwa amemwita hivyo hata mara moja, tangu posa. Baba yako alikawia uvunguni kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alidai ni tope limemwingia machoni, nami nikamwachia tope lake.

Juma lililofuata alirudi kwa fundi. Hakuirudisha ile ngazi ya zamani iliyoning'inia, maana mawe nayo ni ya kweli, hayaondoki kwa kuyazomea. Alitaka ngazi ya kudumu iliyopandishwa juu karibu na bodi, isiyotokeza nje kuliko tairi, iliyofungwa kwenye chesisi yenyewe, uti wa mgongo wa gari, wala si kwenye bati. Juu ilitobolewa matundu ili tope lidondoke, na kingo za matundu zikaachwa na meno ili kiatu chenye maji kisiteleze. Wapakiaji walisimama juu yake kufunga turubai, wajawazito waliikanyaga wakienda hospitali, na haikuwahi kumwambia mtu ngoja. Landrova imekufa, ngazi haikufa. Ndicho kile chuma kilicho mlangoni pa jiko langu, mlichokuwa mkikwangulia matope mkitoka shule. Hamkuwahi kuniuliza kimetoka wapi.

Sasa tuje kwenye picha zako. Sikudanganyi kwamba zile za umeme ni mbaya. Nimewahi kuona moja kwenye harusi, inatoka taratibu kama droo ya kabati, kila mtu anageuza shingo. Zinajificha, kwa hiyo jiwe halizipati kwa urahisi, na gari linabaki safi kwa macho. Mtu ambaye gari lake linalala kwenye sakafu na kuamkia lami, na ana fundi wa umeme karibu, azinunue na aringe nazo kwa raha zake. Lakini mumeo hafanyi hivyo. Anashinda mpakani kwenye vumbi la malori, anashuka Ilemba kufuata mpunga, anapita masika yetu. Zile ngazi zina mota, zina nyaya, zina viungo, na vyote vinakaa mahali pale pale tope linaporukia. Siku zikigoma hazitachagua siku ya fundi. Zitagoma mgeni akiwa ametoa mguu nje. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo nasema wazi, bila kumung'unya: afunge za kudumu. Lakini asinunue yoyote tu kwa kuwa inang'aa. Ahakikishe zimepanda juu, zimeshikwa na chesisi, zina matundu na meno, na hazipiti upana wa tairi. Kisha amwombe mtu mzito asimame juu yake kabla hajalipa fundi. Atazigonga mara moja moja kwenye mawe, ndiyo. Apite polepole, ashuke atazame njia, ndiyo kazi ya dereva. Kilichopinda kinanyooshwa, ila mgeni aliyerudi njiani humwiti tena kwa nyundo.

Nawe, mwanangu, usidhani nasemea magari tu. Katika nyumba yako kuwa na kitu kinachokaa mahali pake muda wote, mvua ije, jua liwake, ambacho mtu dhaifu akitoa mguu atakikuta. Neno lako liwe hivyo. Salamu zako ziwe hivyo. Usiwe mtu wa kutoka ukifunguliwa na kujificha ukifungwa. Na ukiona umekosea, fanya kama baba yako, lala kwenye tope ubebe, usingoje kuombwa.

Mimi mkwe wangu simsemezi, hilo unalijua, sitaanza uzeeni. Basi liambie gari. Simama karibu yake yeye akiwepo, useme kwa sauti: mama amesema zifungwe za kudumu. Goti langu la kushoto limeanza tabia za nyonga ya bibi yako, lakini nitakuja Kasesya, na nitashuka kwa miguu yangu mwenyewe mbele ya mjukuu wangu. Mkwe wangu asimame mbali anipigie makofi, kama inavyopasa.

Mungu awalinde njia nzima, mwanangu. Kila atakayefika kwenu akute pa kukanyaga, na kila atakayeondoka aondoke ameshiba. Mume wako aheshimiwe na wakwe zake kama baba yako alivyoheshimiwa, na watoto wako wakubebe ukichoka, lakini usichoke mapema. Na gari nalo nimelibariki. Liambie mama amesema limekuwa mwanawe tangu leo, lisije likaniaibisha.