Vitu vya Kumchekesha Fundi Alois

Kwa miaka kumi na mmoja cherehani ya Fundi Alois ilikaa kwenye baraza ya duka la Premji, katika barabara kuu ya mji wa Tabora. Alishona kaptura za kaki za watu wa reli, magauni ya ubatizo, na kanzu za wazee. Watu walimpenda kwa sababu hakukosea kipimo. Ukimpelekea kitambaa alikutazama mara moja, kuanzia mabega mpaka magoti, kisha ndipo akavuta futi iliyoning'inia shingoni kuthibitisha alichokwisha kukijua.

Mkewe Veneranda alifariki masika ya mwaka wa hamsini na mbili. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi akazikwa. Alois alikaa matangani siku tatu akipokea wageni, na kila aliyempa pole alimjibu, "Nimeshapoa." Siku ya nne akarudi barazani, akaendelea na kaptura aliyokuwa ameiacha ikiwa na mguu mmoja.

Hakulia. Majirani wengine walisema ana moyo mgumu, wengine wakasema atalia baadaye. Mwenyewe alijiona kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unaugusa, unajua ni wako, lakini hauna habari.

Waliachwa watoto watatu. Imakulata alikuwa na miaka kumi, Marko saba, na Apolinaria minne. Dada mkubwa wa Alois, mjane aliyeitwa Josepha, alikuwa akilima karanga na mtama huko Kwihara, kijiji cha nje ya mji. Alikuja kwa msiba, akaona hali ilivyo, akarudi mara moja tu kufunga nyumba yake na kuchukua kuku.

Wiki ya pili Imakulata alipika uji wa asubuhi akatia chumvi badala ya sukari, tena nyingi. Marko alionja akatema. Alois akanywa bakuli lake lote, akafuta mdomo, akaaga, akaenda kazini. Watoto walimtazama mpaka alipokata kona. Josepha naye alionja ule uji.

Jioni alimfuata kaka yake uani, akamwambia watoto hawachezi. Alois akajibu kwamba wana msiba.

"Mtoto haombolezi hivyo," Josepha akasema. "Mtoto analia, anacheza, halafu analia tena. Hawa wako wanakaa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa hospitali."

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Wewe ndiye baba yao. Watafutie kitu."

Alois aliipokea kauli ile kama alivyopokea kazi ya mteja. Kesho yake mchana alisimamisha cherehani, akaingia dukani, akamwomba Premji amfungulie kabati la vioo. Premji alikuwa mzee mpole, na habari za msiba alizijua. Akampangia vitu juu ya meza kimoja kimoja: gari la bati la kutia ufunguo, mpira wa rangi mbili, kifuko cha gololi, filimbi, karata, na mwanasesere wa Ulaya mwenye nywele za manjano.

Alois alivitazama kwa muda mrefu. Alijaribu kumkumbuka Marko akicheza ili ajue anapenda nini, akagundua kwamba anakijua kipimo cha kiuno chake na urefu wa mkono wake, basi. Mambo ya michezo alikuwa akiyajua Veneranda. Akaamua kwa umri. Gari litamfaa Marko, maana wavulana wa miaka saba wanakimbiza magari. Imakulata ni mkubwa, atapewa karata. Mwanasesere atakuwa wa Apolinaria. Premji akamfungia vyote katika gazeti.

Watoto walisimama kwa mpangilio wakapokea kwa mikono miwili. Wakasema, "Asante, baba." Marko alitia ufunguo, gari likakimbia sakafuni likagonga ukuta, akaliokota, akatia ufunguo tena. Kila lilipogonga alimtazama baba yake.

"Zuri?" Alois akauliza.

"Zuri, baba."

"Haya."

Mwanasesere alikuwa na macho ya kufumba. Ukimsimamisha aliyafumbua, ukimlaza aliyafumba. Apolinaria alimlaza mara moja, akaona, akamwinua haraka. Tangu hapo hakukubali alazwe. Usiku alitaka akae ameegemea ukuta, na akiteleza mtoto aliamka akilia. Siku ya tatu Josepha akamchukua, akamsimamisha juu ya kabati katikati ya vikombe viwili, ambako hakuweza kuanguka.

Alois aliambiwa. Akaitikia kwa kichwa, kisha akafikiri jambo jingine. Kama vitu vya dukani havikufaa, labda matembezi yatafaa. Ndipo zikaanza zile Jumapili. Baada ya misa aliwachukua watoto watatu, wamevaa nguo alizowashonea mwenyewe, wakaenda mahali. Jumapili ya kwanza walikwenda stesheni kuona treni ya Kigoma ikiingia. Ya pili walikwenda kwenye uwanja wa mpira, na ya tatu sokoni kumtazama mtu mmoja kutoka Nzega aliyekuja na nyoka katika kikapu. Kila mara watoto walitembea nyuma yake, mkubwa mbele na mdogo mwisho, wakatazama walichoonyeshwa, wakasema kizuri.

Jumapili ya nne Josepha aliwaongoza wote hadi Kwihara. Walifuata njia ya zamani ambayo babu yao, baba wa Josepha na Alois, aliipita akiwa kijana na mzigo wa pembe za ndovu kichwani, akienda pwani na kurudi. Josepha aliwafundisha mchezo waliocheza wao walipokuwa wadogo. Uliitwa wapagazi. Kila mtu aliweka jiwe kichwani juu ya kata ya majani, wakaenda kwa mstari wakiimba, na aliyeangusha jiwe alibaki nyuma akihesabiwa kuwa ameugua njiani. Josepha mwenyewe aliimba. Watoto waliimba kiitikio, sauti zao chini. Alois alitembea na jiwe kichwani kutoka mtoni mpaka nyumbani kwa Josepha, mwendo wa karibu saa nzima, wala halikuanguka. Alipofika alikuwa amesahau kwamba lipo. Marko ndiye aliyemwambia alitue.

Ikaenda hivyo miezi miwili. Alois alihesabu kwamba anafanya yampasayo. Alikuwa amesikia wanawake wawili barazani wakimsifu kwamba ni baba wa mfano, na maneno yale yalimpita kama yanamhusu fundi mwingine.

Siku moja ya Jumatano, kiangazi kimekolea, mkanda wa cherehani ulikatika. Wa akiba haukuwapo, na mtu aliyekuwa akiwatengenezea mafundi mikanda alikuwa amesafiri kwenda Ziba. Alois akafunga kazi saa nane mchana, akaenda nyumbani kwa njia ya nyuma, penye ua wa mabua.

Alisikia kelele kabla hajafika. Watoto walikuwa wakicheka. Kilikuwa kicheko kile cha kupaliwa, cha mtu anayejishika tumbo na kuomba aachwe. Akasimama nje ya ua. Kupitia mabua aliona kwamba Marko ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Alikuwa ameweka kamba shingoni kama futi, na mguu wake ulikuwa ukikanyaga hewa, juu, chini, juu, chini. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, macho yakitazama mbali.

Imakulata akamletea gari la bati. "Baba, tumekuletea gari. Zuri?"

"Zuri," Marko akasema. "Haya."

Wasichana wakaanguka chini kwa kicheko. Apolinaria akainuka, akamletea bakuli la mchanga. Marko akalipokea kwa adabu, akajifanya kunywa mpaka mwisho, akafuta mdomo. "Haya," akasema tena.

Alois alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe. Hakujua kwamba iko hivyo. Alingoja akasirike, hasira haikuja. Akangoja aone uchungu, nao haukuja. Alihisi jua tu nyuma ya shingo. Akasukuma mlango wa ua, akaingia.

Kicheko kikakatika. Marko akashuka kwenye kinu, akaificha kamba nyuma ya mgongo. Wote watatu wakamwamkia shikamoo kwa pamoja, ingawa walikuwa wamekwisha kumwamkia asubuhi.

"Marahaba. Mchezo huu unaitwaje?"

Imakulata akatazama chini. "Hauna jina, baba."

"Unachezwaje?"

Hapakuwa na wa kujibu isipokuwa Apolinaria, ambaye hakuwa na umri wa kuogopa. Akaeleza kwamba mmoja anakuwa baba. Anakaa. Wengine wanatafuta kitu cha kumchekesha. Akicheka ameshindwa, anaondoka, anakaa mwingine.

"Mmeanza lini?"

"Zamani," Imakulata akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza: "Siku ile ya uji. Nilitia chumvi kusudi, baba. Tulitaka ucheke."

Alois akazipitia moja moja zile Jumapili zote, stesheni, uwanjani, sokoni, njia ya Kwihara, akaona watoto watatu wakitembea nyuma yake na kumtazama yeye. Treni hawakuitazama. Alikuwa akiwachagulia michezo, nao walikuwa wakiicheza kwa ajili yake, kama unavyokula chakula cha mgonjwa ili naye ale.

Akaitundika kofia yake kwenye mabua ya ua, akaketi kwenye kinu.

"Basi leo nikae mimi," akasema.

Walisita. Marko akamuuliza Imakulata kwa macho. Hatimaye Imakulata akaingia jikoni akatoka amejifunga shuka la shangazi yake, akatembea kama Josepha, kiuno upande mmoja, akamgombeza kuku kwa Kinyamwezi. Marko akapiga mweleka peke yake. Apolinaria alimfuata baba yake akamvuta masikio yote mawili, akayapuliza. Alois alikaa. Hakujizuia kucheka, na hakika hapakuwa na kitu cha kuzuia. Walihangaika mpaka jua likageuka, Josepha akarudi na ndoo ya maji, akakuta kaka yake juu ya kinu na wanawe wamelowa jasho.

"Baba hashindwi," Marko alimwambia shangazi yake, na hakuwa na huzuni. Alisema kama mtu anayesifu.

Tangu siku ile zile Jumapili za matembezi zikaisha. Vitu vya dukani vilibaki ndani, gari likapata kutu, karata zikachanganyika na za jirani. Jioni Alois akirudi kazini alikaa kwenye kinu kabla ya kula, na watoto wakamletea walichokuwa wamekiandaa mchana kutwa. Walimletea kinyonga aliyepakwa unga. Walimletea Josepha mwenyewe, amevalishwa kofia ya kaka yake. Walibishana wao kwa wao, wakapanga, wakalaumiana, na sauti zao zikawa kubwa mpaka jirani akalalamika. Alois aliyasikia malalamiko, akamwomba radhi jirani, lakini hakuwakanya.

Mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zimegusa ardhi, Apolinaria alisimama mbele yake jioni moja bila kitu mkononi. Wenzake walimuuliza ameandaa nini. Akasema hajaandaa. Akakaa pale akifikiri, kidole mdomoni, muda mrefu, huku kila mtu akimngoja, kisha akapiga chafya kubwa iliyomwangusha chini kwa matako.

Alois akatoa sauti puani. Ilikuwa fupi kama ya mtu anayepuliza vumbi. Alishtuka kuliko wote.

Ukazuka ubishi. Imakulata alisema hicho si kicheko, ni pumzi. Marko akasema ni kicheko, mabega yametikisika, yeye ameyaona. Wakaenda kumwita shangazi yao jikoni aamue. Josepha akatoka na mwiko mkononi, akawasikiliza wote wawili, akamtazama kaka yake usoni kwa muda.

"Amecheka," akasema. "Ondoka, Alois. Mpishe mwenzako."

Alois akainuka. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakujua yalianza lini. Hayakuwa na maumivu yoyote, yalitiririka tu mpaka kwenye kola. Watoto waliyaona, wakaendelea na mchezo. Marko alikwisha kaa kwenye kinu, mgongo wima, amekaza uso.

"Zamu yako kutafuta kitu, baba," Imakulata akamwambia.

Akasimama katikati ya ua, fundi mzima wa miaka thelathini na minane, hajui aanzie wapi. Akatazama kuni, akatazama chungu, akatazama kuku wa dada yake. Mwishowe akatwaa ungo uliokuwa umeanikiwa michembe ya viazi vitamu, akaimwaga michembe kwenye mkeka taratibu, akauvaa ungo kichwani, akaanza kuzunguka kinu.

"Inua magoti, baba," Apolinaria akamwelekeza. "Juu zaidi."

Akayainua.