Numbu za Bibi

Shamba la bibi mzaa baba, kule Kalenga, lilikuwa fujo tupu machoni pa mgeni. Mahindi yalisimama mbali mbali, maharage ya rangi zote chini yake, maboga yakitambaa yanakotaka. Huku ulezi, kule njugu mawe, na penye udongo mwepesi, numbu. Numbu ni viazi vyetu vyembamba kama vidole, vinavyokaa ardhini kimya hadi mahindi yamekwisha kuvunwa. Majani yake machanga hayana sura ya chakula. Miaka hiyo ya hamsini bibi hakutegemea zao moja. Alisema mvua ni kigeugeu, na anayeipokea kwa mbegu moja atalala njaa. Leo nikiona mahindi yamepangwa peke yake kama askari wa gwaride, nakasirika kidogo, siwezi kuficha.

Mama yangu alikuwa Mnyakyusa, mtu wa migombani, upande wa Mbeya. Bibi alikuwa Mhehe. Walikutana kwenye Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yao aliyezaliwa nayo, lakini tatizo la mama halikuwa lugha. Tatizo lilikuwa heshima. Bibi aliwagombeza shangazi zangu kutwa, mara moto umechelewa, mara chumvi imezidi. Mama hakuambiwa neno. Aliitwa "mwana wa watu" na kuwekewa kigoda. Wanawake wenzake wa kijijini walimwonea wivu, ila yeye alijua maana yake: mgeni hagombezwi. Alikuwa amekwisha kuzaa watoto watatu, mimi nikiwa wa kwanza, na bado alikuwa mgeni. Jambo hilo lilimuuma sana.

Mwaka mmoja bibi alikwenda msibani Ipogolo, akakaa huko siku kadhaa. Mama akaona hapo ndipo pa kujionyesha. Alikuwa na shamba lake bondeni, na la mkwewe hakuwahi kulitia jembe. Sasa akalipalilia lote, likang'aa. Kila kilichofanana na gugu aliking'oa, akakirundika juani kando ya njia. Kwao hakukuwa na numbu. Yeye alizijua zikiwa ndani ya chungu tu.

Bibi aliporudi alisimama mbele ya rundo lile lililonyauka. Nilimwona akiinama, akaokota shina moja, akaligeuza, akalitupa. Kisha akamshukuru mama kwa kazi nzuri. Shangazi ndiye aliyemnong'oneza mama alichokifanya. Siku hiyo mama hakula. Afadhali angepigwa, alisema, kuliko kushukuriwa vile.

Baridi ya Juni ikaja, wakati ambao bibi huchemsha numbu asubuhi na kuwagawia majirani. Mwaka huo chungu kilikaa kitupu. Wanawake walipoketi kwetu, mmoja akauliza mbona numbu hazionekani. Bibi akajibu, bila hata kupepesa macho, kwamba fuko wamezimaliza zote. Wanawake wakawalaani fuko kwa pamoja.

Mama alikuwa akiwagawia uji. Akaweka kata chini, akapiga magoti.

"Mama, siyo fuko," akasema. "Ni mimi nilizing'oa. Sikuzijua."

Hapo bibi akalipuka.

"Nani amekuuliza wewe? Mimi nasema fuko, wewe unanifanya mwongo mbele ya watu! Mjinga huyu! Mwakani utapanda wewe mwenyewe, moja moja, mpaka macho yako yajue majani."

Hakuishia hapo. Akaingia kwenye chumvi ya mama, kwenye moto wake, kwenye namna anavyofagia uwanja, mambo ambayo inaelekea alikuwa ameyaweka moyoni tangu harusi. Majirani wakainamia uji wao.

Jioni baba alimkuta mama jikoni, macho mekundu, anatabasamu. Akamuuliza kulikoni.

"Leo mama amenigombeza," mama akasema, "mpaka sauti imemkauka."