Friza Yangu na Mtungi wa Kliniki

Nilichagua siku ya kupandikizwa mimba kwa kufikiria friza yangu ya barafu. Ninaliandika hili mwanzoni kabisa ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee.

Friza yenyewe iko sebuleni kwetu, Makole, Dodoma. Ni kubwa kwa umri kuliko ndoa yangu, na mfuniko wake nimeufunga kwa kamba ya katani kwa sababu haukai. Humo nagandisha barafu za ubuyu na ukwaju za kuuza. Upande mmoja ni wa jirani yangu, mama mmoja mjane, mtu wa Kolo, anayefuga ng'ombe wawili uani na kuniletea ndoo za maziwa nimhifadhie. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwenda Chimwaga, humuhumu mjini, kumsalimia mdogo wangu, kwangu ni safari ya kuaga majirani. Kwa hiyo elimu yangu yote ya kugandisha vitu nimeipatia mle: umeme ukikatika, kila kitu kinalia machozi; ukirudi, kinaganda tena, ila hakirudii sura yake.

Tulikuwa tumekaa miaka tisa bila mtoto, mimi na mume wangu, tulipopanda treni ya umeme kwenda kliniki moja Dar es Salaam. Njia nzima nilisubiri treni izimike. Haikuzimika. Hapo ndipo ningepaswa kujifunza kitu.

Nilichomwa sindano za kukuza mayai, yakakua mengi kupita ilivyotarajiwa, tumbo likavimba. Yakatolewa, yakakutanishwa na mbegu za mume wangu maabara, na baada ya siku tatu tukaambiwa vinaendelea vizuri viinitete vitatu. Kiinitete ni mimba ikiwa bado changa, ndogo kuliko punje ya uwele, haijaingia tumboni mwa mtu. Vitatu. Miaka tisa, na hao ndio waliokuwa watu wetu wote duniani.

Daktari alikuwa kijana, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali.

"Mama, njia ni mbili," alisema. "Keshokutwa tupandikize kimoja kikiwa fresh, yaani kibichi, vingine tuvigandishe. Au tuvigandishe vyote vitatu, mwili upumzike kama miezi miwili, ndipo urudi. Sindano zimekuchosha, tumbo limejaa. Mimi ningegandisha. Ila hali yako si mbaya kiasi cha kukukatalia hiyo ya kwanza. Mna swali?"

Alisema "mna swali" akiwa ameshasimama.

Nilikuwa na swali. Lilikuwa moja tu, limenikaa kooni kama mwiba wa perege: umeme ukikatika? Maneno mawili. Sikuyatoa. Nilisoma biolojia mpaka kidato cha nne, nikachora figo, nikaweka na mishale, na sikutaka kijana wa umri wa mdogo wangu anione mshamba wa bara. Nikamgeukia mume wangu anisemee. Mume wangu akasema, "Wewe ndiye mwenye mwili, mke wangu. Nitakubali utakachoamua." Mpaka leo sijui ilikuwa heshima au ni kukimbia. Nilimtazama kwa hasira akadhani nina maumivu, akaniletea maji.

Tulifikia kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hajawahi kukutana na jambo la mtu akalipita bila kuligusa.

"Eti wagandishwe?" alisema akichambua mchele. "Wifi, huyo mtoto akizaliwa tumwogeshe au kwanza tumwanike juani?"

"Tutamweka karibu na jiko," nikajibu.

"Na nyinyi watu wa Dodoma, nyama yenyewe mnaifuata mnadani ikiwa bado inatetemeka. Leo mtoto ndiye mkubali wa friji?"

Nikacheka. Ndicho kinachoniuma. Utani wa mawifi ni halali yake, sina kesi naye hapo, ila nilicheka, na nilipomaliza kucheka nilikuwa nimeshaamua. Nikaiona friza yangu, kamba ya katani, na wanangu watatu wakielea kwenye maji ya ukwaju. Asubuhi iliyofuata nikaweka saini: kibichi.

Siku ya tano wakanipandikiza kimoja. Wiki ileile tumbo likapanda mpaka nikawa siwezi kulala chali wala kupumua vizuri, nikalazwa siku sita wodini nikitundikiwa maji. Mgonjwa wa kitanda cha pili akanipongeza. "Ya miezi mingapi, dada?" Nikamwambia ya siku nane. Akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Halafu damu ikaja, na majibu yakaja nyuma yake kuthibitisha nilichokwisha kukiona.

Nilimuuliza daktari kama ningesubiri ingekuwaje. Akajibu kwa upole, nami nilikuwa sitaki upole. "Mama, hakuna anayejua. Huenda kingeshika, huenda kisingeshika. Hata vya kugandishwa si vyote vinavyoshika." Nilimkasirikia zaidi kwa jibu hilo kuliko kama angeniambia nimeua. Mtu ukikosea, angalau upewe kosa lako mkononi ulishike. Mimi nimepewa "huenda".

Siku ya kuondoka ndipo ulimi ukafunguka. Nilimkuta mtaalamu wa maabara mlangoni, dada mmoja mwenye kofia ya karatasi, nikamuuliza: "Hawa wangu wawili waliobaki, umeme ukikatika huwa mnafanyaje?"

Akanitazama. "Umeme? Mama, havikai kwenye friji. Viko ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi kuliko barafu yoyote. Mtungi hauchomekwi popote. Umeme ukatike wiki nzima, vyenyewe havina habari."

"Mtungi kama upi?"

Akafungua mlango kidogo, nikauona. Wa bati jeupe, mfuniko mnene, umekaa chini kimya kama debe la alizeti.

Niliujua.

Nimezaliwa kwenye zizi mimi. Baba yangu alikuwa mfugaji, na bwana mifugo alikuwa anakuja nyumbani na pikipiki, mtungi kama ule ameufunga nyuma kwa mpira, mdogo wake tu. Akiufungua unatoa moshi wa baridi, sisi watoto tunapiga makofi. Ndani mna mbegu za dume la kisasa ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Na hivi ndivyo alivyofanya kila mara: kwanza anamkagua ng'ombe. Akiona hajawa tayari, anafunika mtungi wake. "Huyu leo bado. Nitarudi." Baba hakubishana. Hakuna aliyesema ndama atazaliwa wa baridi. Mbegu ilirudi na pikipiki, kijijini kwetu ambako umeme wenyewe haukuwepo, ikaja siku nyingine, na ndama wakazaliwa, na maziwa yao ndiyo yaliyoninunulia sare ya shule nikaenda kuchora figo.

Ng'ombe wa baba walisubiriwa mpaka miili yao iwe tayari. Mimi nimetoka zizi hilohilo, nikajinyima nafasi hiyo mwenyewe, kwa saini yangu.

Ni miezi saba sasa. Nimewakasirikia wote kwa zamu, kama ratiba ya usafi wa mtaa. Jumatatu daktari: si angesema tu "mtungi"? Neno moja! Jumanne wifi. Jumatano mume wangu na glasi yake ya maji. Alhamisi wanajumuiya wa kanisani wanaonishika bega wakisema Mungu atafungua, kana kwamba mimi ni duka. Siku zinazobaki ni zangu, na hizo ndizo ndefu. Kliniki wamepiga simu mara tatu kuuliza nitarudi lini. Mwili umeshapona, wanasema, ni mimi tu. Mume wangu aliuliza mara moja, nikampandishia sauti, hakuuliza tena. Nikimwambia mtu kwamba bado ninauguza hasira, naona huwa anaelewa. Lililo kweli ni kwamba wakiwa kule kwenye mtungi, bado ni wawili.

Juzi umeme ulikatika asubuhi mpaka mchana. Jirani yangu akaja kuokoa maziwa yake. Nikamwamkia, akaitikia, tukaanza kutoa ndoo. Barafu zangu zilikuwa zimeshakuwa juisi, na mimi nikaanza mashtaka yangu ya kawaida huku nakamua tambara: umeme, daktari, saini, wifi na mchele wake, nikamalizia: "Na wewe mwenyewe, mama, unaona friza yenyewe, ungekuwa wewe ungeweka mtu?"

Alikuwa amesikia yote hayo kila juma. Ng'ombe wake mmoja ana mimba ya miezi mitano. Bwana mifugo alikuja mara mbili, mara ya kwanza akaondoka bila kufungua mtungi, nami nilikuwa nimesimama palepale uani nikitazama.

Akafunika ndoo yake ya mwisho, akaiweka kichwani, akafika mlangoni ndipo akageuka.

"Daktari umemtukana, wifi yako umemtukana, mpaka umeme umeutukana," alisema. "Sasa hao wawili wa kwenye mtungi wamekukosea nini, mbona huendi kuwachukua?"