Mgongo wa Aulis

Mara ya kwanza nilipokwenda kununua samaki kwa wavuvi wa Haukiranta, nilimkuta mzee mmoja katikati ya ziwa lililoganda, amewapa wenzake wote kisogo. Nikadhani amesusa.

"Huyo kanuna?" nilimuuliza Raili, mwanamke anayeongoza kokoro lao, wavu mkubwa wa kukokota.

"Yuko kazini."

Kokoro lilikuwa limetoka kwenye tundu la barafu muda si mrefu, na muikku, dagaa wetu wa majira ya baridi, walishagawanywa mafungu juu ya barafu, kila mvuvi na lake. Raili akagusa fungu moja kwa ncha ya buti. "Hili la nani?"

"La Veikko," mzee akajibu bila kugeuka.

"Na hili?"

"Lako. Usilie likiwa dogo."

Kwa kuwa hakuyaona, hakuna aliyeweza kusema kapunjwa.

Huyo ndiye Aulis Tiainen, mjomba wake Raili. Alivuta kokoro mpaka bega likamgomea, na tangu hapo kazi yake ikawa kugeuka na kutaja majina. Alipata fungu kamili kama anayevuta. Mkewe alishafariki, watoto wako Uswidi. Siku zisizo na kokoro, redio ndiyo iliyomsemesha.

Bei alipanga yeye. "Mama, umekuja kununua au kuomba?"

"Nikikulipa hivyo, mzee, nitakula nini?"

"Samaki. Si utakuwa nao?"

Nikapandisha.

Ila biashara ilikuwa na kasoro. Majina yakitajwa, samaki wanaganda wamejikunja kama misumari iliyopinda, na maduka ya mjini yananirudishia. Nikamwambia Raili: watoke majini waingie moja kwa moja kwenye makreti yangu, tupime ufukweni, nami nitachukua mzigo wote msimu mzima.

"Hayo kaongee na mjomba," akasema.

Aulis alinimiminia kahawa, akakata mkate mweusi. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Trekta la kuleta makreti ni la nani?"

"Lenu."

"Lako. Na siku wakipata kiganja tu cha samaki?"

"Nitakuja."

"Hata kwenye tufani ya theluji?"

"Hata hiyo, mzee. Umenikamua."

Tukapeana mikono. Ndipo nikamwambia, mafungu hayatakuwepo tena.

"Mimi si mtoto, Aune. Raili ameanza kuulizia kazi kiwandani. Akienda, kokoro limekufa. Bila kokoro nitampa nani mgongo?"

Nikamwambia aje bandani kwangu kuchambua samaki.

"Ndani, na wanawake wako wanaopiga soga? Nitaziba masikio kwa mkono upi, na samaki nishike kwa upi?"

Wiki za kwanza aliendelea kuja barafuni. Alisimama palepale pa zamani, lakini sasa palikuwa njia ya makreti. Siku moja kamba ya mashine ya kuvutia kokoro ikakaribia kumzoa mguu. Raili akapaza sauti, na sikuwahi kumsikia akimpazia kabla: "Mjomba, kaa kwenye trekta."

Akakaa. Kokoro lililofuata hakuja. Raili akampelekea samaki nyumbani, mzee akawarudisha. "Fungu ni la aliyekuwepo," alisema.

Baadaye akaja kwenye kiduka changu kando ya banda, akapanga foleni nyuma ya walimu na kasisi. Alitaka muikku, kilo moja. Mtu aliyezaliwa ufukweni, sidhani kama aliwahi kununua samaki. Nikasema achukue tu.

"Usiharibu biashara yako," akasema, akasukuma sarafu mezani. Nikampimia sawasawa, kama mteja yeyote, nami nikaona ndivyo alivyotaka.

Alifariki kabla barafu haijayeyuka.

Raili hakwenda kiwandani. Mimi nina samaki walionyooka, na maduka yananipigia simu yenyewe. Aulis alipata kile alichokaa mezani kukitafuta: kokoro linavutwa mpaka leo. Ila katika mkataba ule wote, alinibana mpaka kwenye trekta na tufani, hakudai hata mahali pa kusimama yeye mwenyewe.